Mmea, Dawa na Sumu: Uhakiki wa Usemi Wetu Juu ya Alkaloidi za Indoli

Kusudi la makala haya ni kuhakiki sentensi moja. Sentensi hiyo ni fupi, haina kosa la sarufi, na hutamkwa kwa nia njema: "Mmea huu unatibu saratani." Simtaji mwandishi wake, maana haina mwandishi mmoja. Hupatikana katika vijitabu vya afya, katika mazungumzo ya redioni na katika maelezo ya wauza miti shamba, na mmea unaosemwa aghalabu ni lile ua dogo la rangi ya waridi au nyeupe lipandwalo mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu, ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Madagaska, ambacho wazee wetu walikijua kwa jina la Bukini. Kwa hiyo katika makala haya nitaliita ua la Bukini.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jambo la kemia liletwe mbele ya wanafunzi wa lugha. Jawabu langu ni kwamba kosa lililomo katika sentensi hii si la kemia peke yake. Mwanakemia aweza kutwambia ni kitu gani kimo ndani ya jani. Lakini ni nani afanyaye tendo la kutibu, ni kwa chombo gani, na ni jambo gani lafichwa na kiima cha sentensi, hayo ni maswali yetu.

Maneno yenyewe

Tuanze na majina. Neno alkaloidi lilibuniwa mwaka 1819 na mtaalamu wa dawa wa Kijerumani, Carl Meissner. Sehemu yake ya kwanza ni alkali, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako lilikuwa jina la majivu ya mimea fulani yaliyotumika katika kufanyiza sabuni. Sehemu ya pili ni ya Kiyunani, na maana yake ni "mfano wa". Basi kwa maana yake ya asili alkaloidi ni kitu kilicho mfano wa magadi: hukubaliana na asidi na kufanya chumvi nayo, na sababu ni atomu ya naitrojeni iliyomo ndani yake. Msomaji wa Kiswahili ajihadhari asilihusishe neno hili na sifa yetu ya -kali, ijapokuwa alkaloidi nyingi ni chungu na nyingine ni kali kweli kweli. Mzizi -kali ni wa Kibantu, na kufanana kwa sauti si ujamaa.

Neno indoli nalo lina historia iliyo karibu nasi. Mwaka 1866 Adolf von Baeyer, katika uchunguzi wake wa rangi ya nili, alipata kitu ambacho jina lake liliundwa kwa kuunganisha jina la Kizungu la nili na neno la Kilatini lenye maana ya mafuta. Umbo lake ni pete mbili zilizoshirikiana ubavu mmoja: moja ya atomu sita za kaboni, na ya pili ya atomu tano, nne za kaboni na moja ya naitrojeni. Pete hizi si ngeni mwilini mwetu. Zimo katika triptofani, ambayo twaipata katika chakula, na zimo katika serotonini, ambayo ni mojawapo ya vitu vinavyochukua habari kati ya neva na neva. Kwa hiyo si ajabu kwamba baadhi ya alkaloidi zenye indoli hugusa akili, usingizi na mapigo ya moyo.

Mimea ya jamii ya ua la Bukini huigeuza triptofani kuwa triptamini, kisha huiunganisha na kitu kingine kiitwacho sekologanini. Katika muungano huo huzaliwa striktosidini, na striktosidini ndiyo mama wa alkaloidi maelfu. Mwanafunzi wa lugha za Kibantu hatashangaa, kwa kuwa amezoea kuona mzizi mmoja ukinyambulika hata watoto wake wasitambuane. Katika ukoo huu imo reserpini, iliyowahi kutumika sana kwa shinikizo la damu. Imo ibogaini, iliyohifadhi ndani yake jina la iboga, mti wa Gabon. Imo striknini, sumu ambayo kiasi kidogo tu humwua mtu kwa mishtuko ya misuli. Hata kwinini tuijuayo sote hutoka katika mama huyo huyo, ijapokuwa safarini hupoteza umbo la indoli na kupata jingine. Striknini na kwinini ni ndugu wa tumbo moja. Mtu asemaye kwamba kitu ni salama kwa sababu kimetoka katika mmea hajauona ukoo huu.

Hadithi inayosimuliwa

Sentensi tunayoihakiki haisimami peke yake, hutegemea hadithi. Na hadithi ya ua la Bukini husimuliwa kwa namna mbili.

Namna ya kwanza ni ya bahati. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, aliletewa kutoka Jamaica majani ya mmea huu, ambayo wenyeji waliyachemsha na kuyanywa kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Aliyapeleka kwa ndugu yake, Robert Noble, mtafiti wa chuo kikuu cha Western Ontario, ambaye baadaye alifanya kazi hiyo pamoja na mwanakemia Charles Beer. Panya waliopewa maji ya majani hayo sukari yao haikushuka. Walipodungwa dawa yenyewe wengi walikufa, na ilipochunguzwa ikaonekana kwamba wameuawa na vijidudu, kwa sababu chembe nyeupe za damu yao zilikuwa zimepungua mno na uboho wao umedhoofika. Watafiti wakajiuliza: kitu kinachozipunguza chembe nyeupe hivi, je, hakingefaa kwa saratani ambayo chembe hizo zimezidi? Wakakitenga kitu hicho, na taarifa yao ya mwaka 1958 ilitaja nafasi ya bahati katika kichwa chake chenyewe. Wakati huo huo Gordon Svoboda na wenzake wa kampuni ya Eli Lilly huko Marekani walikuwa wameushika mmea huo huo kwa njia yao, wakaona kwamba huwarefushia maisha panya wenye saratani ya damu. Vinblastini na vinkristini zikaingia hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Namna ya pili ni ya dhuluma. Husemwa kwamba waganga wa Madagaska walikuwa wakitibu saratani ya damu kwa ua hili, na kwamba wageni waliichukua siri yao wakatajirika. Uchungu ulio ndani ya masimulizi haya una haki yake. Ni kweli kwamba mali nyingi ya mimea ya nchi za joto imetumika bila wenye nchi kupata fungu, na ndiyo sababu mataifa yakafanya mapatano ya mwaka 1992 juu ya uhai wa anuwai, na yale ya Nagoya ya mwaka 2010 juu ya kugawana faida. Lakini habari yenyewe haikuwa hivyo. Ua hili lilikuwa limekwisha enea katika bustani za dunia kabla ya hapo. Linnaeus alilipa jina la Vinca rosea mwaka 1759. Majani yaliyofika Kanada yalitoka Jamaica. Na wenyeji waliotumia mmea huu walisifu nguvu yake juu ya kisukari, wala si juu ya saratani ya damu, ugonjwa usioweza kutambulikana bila kuitazama damu kwa hadubini. Mwenye dai la haki hulidhoofisha dai lake anapolijenga juu ya habari isiyo ya kweli.

Sisemi haya ili kuwadharau waganga. Uhindi inao mfano ulio kinyume. Huko mmea wa Rauvolfia serpentina ulitumika tangu zamani kwa wenye wazimu, na mwaka 1931 Gananath Sen na Kartick Bose waliandika juu ya nguvu yake ya kutuliza akili na kushusha shinikizo la damu. Reserpini ilipotengwa mwaka 1952 ilithibitisha kwamba mganga alikuwa ameona sawasawa. Tofauti ya mifano hii miwili ndiyo inayonipa ninachokitaka. Nchini Uhindi matumizi ya zamani yalielekeza mahali penyewe. Katika Jamaica yalielekeza pengine, na lililopatikana ni jambo ambalo hapana aliyelitafuta. Sentensi "mmea huu unatibu" huzichanganya hali hizi mbili, ikaifanya kila kauli ya kale kuwa ushahidi.

Kitu kilichomo na kitu kinachotenda

Sasa tutazame ni kitu gani kimo ndani ya jani. Katika ua la Bukini wamehesabu alkaloidi zaidi ya mia moja. Zilizo nyingi kidogo ni vindolini na katharantini, na mmea huziunganisha hizi mbili kuifanya vinblastini. Lakini huifanya kwa uchache mno. Kwa vinkristini hutajwa kwamba nusu tani ya majani makavu hutoa kiasi cha gramu moja. Mtu achemshaye gao la majani hajui ni kiasi gani cha vinblastini kimeingia katika kikombe chake, wala ni alkaloidi gani nyingine zimeingia pamoja nayo. Aweza kunywa kidogo kisichomfaa kitu, na aweza kunywa cha kumdhuru.

Vinblastini na vinkristini zenyewe zatufundisha jambo ambalo wanafunzi wa fonolojia watalitambua mara moja. Molekuli ya kila moja ina atomu zaidi ya mia, nazo zinalingana isipokuwa mahali pamoja. Juu ya naitrojeni moja, vinblastini ina kaboni yenye hidrojeni tatu. Mahali hapo hapo vinkristini ina kaboni yenye hidrojeni moja na oksijeni moja. Ni kama pata na bata: sauti moja imegeuka, na maana yote imegeuka. Zote mbili hushika protini iitwayo tubulini, zikazuia nyuzi ambazo seli huhitaji ili kuzigawa kromosomu zake. Seli inayotaka kugawanyika hushindwa, ikafa. Lakini vinblastini huudhoofisha uboho zaidi, na vinkristini hudhuru neva zaidi, hata mgonjwa akafa ganzi vidoleni. Tena vinkristini hutiwa katika mshipa wa damu tu. Ikitiwa kwa kosa katika maji ya uti wa mgongo, huua. Ikiwa tofauti ya kiungo kimoja ndani ya molekuli, na tofauti ya njia ya sindano, ni tofauti ya uhai na mauti, basi lugha isiyotofautisha hata jani na dawa itamfikisha wapi mgonjwa?

Sarufi ya "dawa"

Neno dawa kwetu ni pana. Twasema dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu na dawa ya mbu. Kihusishi -a hakituambii uhusiano ni upi: dawa ya kikohozi hukiondoa, dawa ya meno huyasafisha, dawa ya viatu huving'arisha, na dawa ya mbu humwua. Msikilizaji hujua uhusiano kwa sababu anakijua kitu. Lakini asikiapo "dawa ya saratani", hukiweka kitu hicho upande wa dawa ya kikohozi, yaani kitu cha upole kinachoondoa taabu. Kwa hakika vinblastini iko upande wa dawa ya mbu. Ni ya kuua. Huua seli za saratani kwa kuwa hizo hugawanyika upesi, lakini haina macho. Seli za uboho na za mashina ya nywele nazo hugawanyika upesi, nazo huumia. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto, na hapa methali imesadifu. Anayesahau kwamba dawa yenyewe ni moto hataona haja ya kipimo.

Kisha kuna kitenzi. Kutibu si kuponya. Tabibu hutibu, mgonjwa hupona, au hapone. Kiima halisi cha kutibu ni mtu, na kitu kitumiwacho ni chombo. Kiswahili huruhusu chombo kishike nafasi ya kiima: twasema "kisu hiki kinakata", na hapana mtu adhaniye kwamba kisu kimeinuka mezani chenyewe. Mkono haukutajwa kwa sababu kila mtu anaujua. Lakini tusemapo "mmea huu unatibu", mkono uliofichwa haujulikani. Umefichwa mkono uliotenga kitu kimoja katika mia, uliokipima, uliokitia katika mshipa, na uliohesabu chembe za damu kila wiki. Msikilizaji, kwa kuwa hauoni mkono huo, hutia wake: huchuma, huchemsha, hunywa.

Ngeli zetu nazo huongeza mtego. Katika mnazi twapata nazi, katika mwembe twapata embe. Jina la mti na jina la faida yake hutofautiana kwa kiambishi tu, na faida hiyo huning'inia juu ya mti ikingoja kuchumwa. Tumezoea uhusiano huu hata tukadhani kwamba kila mmea una dawa yake kama mnazi ulivyo na nazi. Na pengine jina hulibeba dai zima, kama mwarobaini, mti ambao kwa jina lake tu umekwisha kuahidi kuondoa maradhi arobaini kabla hatujauliza hata moja.

Mfano wa kwinini

Lugha hiyo hiyo iliyotutega ina njia ya kututoa. Mwaka 1820 Pelletier na Caventou wa Ufaransa waliitenga kwinini kutoka katika gome la mti wa cinchona. Jina lilipofika kwetu, Waswahili hawakusema "dawa ya gome", wala hawakuliacha katika tahajia ya kigeni. Walilipa irabu ya mwisho, wakaliingiza katika ngeli ya N, wakasema kwinini hii, kwinini kali. Mgonjwa wa homa alijua kwamba kwinini ni kidonge chenye hesabu yake, kwamba ikizidi masikio huvuma, na kwamba si sawa na kutafuna gome. Neno moja la mkopo liliwafundisha watu kutenga kitu na mti wake.

Kwa hiyo sioni haja ya kubuni tafsiri ndefu. Tuseme vinblastini, vinkristini, reserpini, ibogaini. Kiishio -ini ni alama ya ukoo wa alkaloidi, nacho kisichanganywe na -ni ya mahali: twasema "vinblastini hii imepimwa", kama tusemavyo kwinini hii. Najua pingamizi itakayoletwa, kwamba majina haya ni ya kigeni na hayamwambii mtu kitu. Lakini hata katika Kizungu hayasemi ukweli wote. Sehemu ya vin- imetoka katika Vinca, jamii ambayo wataalamu wamekwisha kuuondoa mmea huu ndani yake na kuutia katika Catharanthus. Jina la kitaalamu halilazimiki kueleza. Lalazimika kutaja kitu kimoja bila kukichanganya na kingine. Kazi ya kueleza ni ya sentensi.

Na sentensi tunayo. Kauli ya kutendea ilikwisha kutupa kisu cha kukatia na kalamu ya kuandikia. Itatupa pia dawa ya kutibia. Badala ya "Mmea huu unatibu saratani", na tuandike: "Katika mmea huu hutolewa vinblastini, ambayo matabibu huitumia kutibia aina fulani za saratani." Ni sentensi ndefu zaidi, lakini kila aliyefichwa sasa yupo. Mmea umekuwa mahali pa kutolewa, vinblastini imekuwa chombo, tabibu amerudi katika nafasi yake, na saratani zimekuwa aina, si kitu kimoja.

Atakayeona kwamba haya ni mabishano ya walimu tu, na atazame mambo mawili. La kwanza ni la Uganda. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji huko Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowaua watoto wa Afrika Mashariki. Leo uvimbe huo unaitwa kwa jina lake, na vinkristini, pamoja na dawa nyingine, imo katika matibabu ambayo kwayo watoto wengi wamepona. Mzazi akiambiwa kwamba ua la uani kwake hutibu saratani, aweza kumweka mtoto nyumbani kwa wiki chache za kuchemsha majani. Na uvimbe huo hukua upesi kuliko karibu kila uvimbe mwingine wa binadamu. Wiki hizo hazirudi.

La pili ni la mwaka 2022. Mwaka huo watafiti walitangaza kwamba wameifanya hamira, ya jinsi ile ile iumuayo mikate, itengeneze vindolini na katharantini, ambazo waliziunganisha kuwa vinblastini. Ndani ya chombo kile hapakuwa na jani, mzizi wala ua. Kilichopatikana ni vinblastini ile ile, atomu kwa atomu. Ikiwa tendo labaki na mmea umeondoka, basi mmea haukuwa mtendaji. Sentensi yetu ya kwanza imepoteza kiima chake, na wenye kamusi, walimu na wahariri ndio wenye wajibu wa kuipa kingine kilicho sahihi.